Kiwanda cha Urafiki na mitaa inayokizunguka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekulia Mabibo, Dar es Salaam, na maswali haya nimeulizwa na wageni, wanafunzi, madereva wa bodaboda, hata na wenyeji wanaoshuka kituo cha Urafiki kila siku bila kujua jina hilo lilianzia wapi. Nimeyakusanya hapa ili anayeuliza apate jibu mahali pamoja.

Urafiki ni kiwanda, kituo cha mabasi ya mwendokasi au mtaa?

Ni vyote vitatu, ila kiwanda ndicho kilichotangulia. Kiwanda cha Nguo cha Urafiki kipo kando ya Barabara ya Morogoro, upande wa Mabibo, katikati ya Manzese na Ubungo. Kilipojengwa, eneo hili lilikuwa pembezoni mwa jiji. Watu walihamia kwa sababu ya kazi, wengine wakafuata kuwauzia chakula na kuwapangisha vyumba, na jina la kiwanda likawa jina la kila kitu kilicho jirani. Leo mtu akikwambia "nipo Urafiki", anaweza kuwa kwenye kituo, kwenye magorofa au sokoni. Muulize Urafiki ipi kabla hujapanda bodaboda.

Kiutawala mtaa huu uko Wilaya ya Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni. Ndiyo maana barua na hati za zamani za eneo hili zinasema Kinondoni, na hazijakosea.

Jina "Urafiki" limetoka wapi?

Limetoka kwenye urafiki wenyewe, ule wa Tanzania na China. Mwalimu Nyerere alikwenda China Februari 1965, na tarehe 20 mwezi huo nchi mbili zikatia saini mkataba wa urafiki mjini Beijing. Juni mwaka huohuo Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, akaja Dar es Salaam. Kiwanda ni tunda la miaka hiyo. Fedha zilitoka China kwa mkopo usio na riba, mitambo ikaletwa kwa meli, na mafundi wa Kichina wakaja kujenga na kufundisha. Kilifunguliwa mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha.

Kwa nini waanze na nguo, wasianze na kitu kingine?

Kwa sababu pamba ilikuwa yetu na nguo ilikuwa ya wengine. Mkulima wa Shinyanga au Mwanza alivuna pamba, ikapandishwa melini ikiwa marobota, kisha ikarudi ikiwa kitambaa ambacho mkulima yuleyule alikinunua kwa bei ya kuumiza. Lugha yetu yenyewe inatunza ushahidi. Kitambaa cheupe kisichotiwa rangi tunakiita merikani mpaka leo, kwa kuwa wafanyabiashara wa Marekani ndio waliokishusha kwa wingi Zanzibar katika karne ya 19. Jina la nchi ya mbali limekuwa jina la sanda na la shuka. Kwa hiyo taifa changa lililotaka kujitegemea lilikuwa na kila sababu ya kuanza na kuwavisha watu wake.

Urafiki haikuwa peke yake. Mwanza kulikuwa na Mwatex, Musoma na Mutex, na hapa Dar es Salaam kulikuwa na Kiltex na Sunguratex. Lakini wazee wengi wa jiji hili ukiwatajia kiwanda cha nguo, Urafiki ndiyo inayowajia kwanza.

Ndani ya ukuta ule kulikuwa kunafanyika nini?

Kila kitu, tangu pamba hadi doti. Hilo ndilo lililokifanya kiwe kiwanda cha kipekee machoni pa sisi watoto: pamba iliingia kwa lango moja kama mawingu yaliyofungwa kamba, ikatoka kwa lango jingine ikiwa na maua, rangi na maandishi.

Pamba ilifika ikiwa tayari imetolewa mbegu huko Kanda ya Ziwa na kugandamizwa kuwa marobota. Kazi ya kwanza ilikuwa kuyafungua na kuipepeta pamba itoke vumbi na majani. Kisha ikapita kwenye mashine zenye meno madogo kama ya kitana, zinazoichana ili nyuzinyuzi zake zielekee upande mmoja. Ikavutwa, ikanyooshwa, ikavutwa tena, mwishowe ikasokotwa kuwa uzi. Uzi wa mtande, ule unaolala kwa urefu wa kitambaa, ulitiwa wanga kwanza, maana bila wanga haustahimili msukosuko wa mashine ya kufuma. Mshindio ndio unaopita kwa upana, unakwenda na kurudi, na kila upitapo mashine inaugonga ujibane na wenzake.

Mgongano huo ukiuzidisha kwa mamia ya mashine ndani ya ukumbi mmoja, hakuna mazungumzo tena. Shangazi yangu alifanya kazi idara ya kufuma kwa miaka mingi. Alikuwa akirudi nyumbani na vumbi la pamba limemkaa kwenye nyusi na kwenye ukingo wa kilemba, kama mtu aliyetoka kusaga unga. Na alizungumza kwa sauti ya juu hata akiwa na mtu mmoja chumbani. Wageni walidhani anagomba. Sisi tulijua ni kiwanda kinaongea. Aliniambia huko ndani walielewana kwa ishara: vidole viwili kwa hili, kupapasa shavu kwa lile, na mtu mgeni alihitaji wiki kadhaa kujifunza lugha hiyo kabla hajajifunza mashine.

Baada ya kufumwa, kitambaa kilifuliwa, kikapaukishwa, ndipo kikaenda kwenye rangi na uchapaji. Khanga yenye rangi tatu huchapwa mara tatu, kwa sababu kila rangi ina chombo chake cha kuchapia, na kimoja kikiteleza hata kwa upana wa ukucha, ua linatoka nje ya mstari wake. Mwisho ni mvuke wa kuishikisha rangi, kuosha, kukausha na kukunja.

Nitaitambuaje khanga ya zamani ya Urafiki?

Anza kwa kuitandika mezani yote, usiiangalie ikiwa imekunjwa. Khanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, mji ambao ni uwanja wa katikati, na jina, yaani yale maandishi yaliyo chini ya mji. Zikiwa mbili zimeungana ni doti. Viwanda vingi vya khanga huweka jina lao kwa herufi ndogo pembezoni, nje ya pindo au karibu nalo, sehemu ambayo mtu akipinda bila uangalifu huifunika. Kwa hiyo fungua upindo taratibu kabla hujakata tamaa.

Kisha geuza upande wa nyuma. Uchapaji uliopenya vizuri utaonekana nyuma karibu sawa na mbele. Shika kitambaa kwa vidole viwili na ukisugue: khanga ya pamba tupu iliyofuliwa miaka mingi inakuwa laini kama sikio la mtoto, haitoi ule mlio mkavu wa nyuzi za plastiki. Mama yangu anayo moja aliyopewa aliponizaa. Nyekundu yake imefifia ikawa rangi ya tofali, pindo limechanika mahali pawili na limeshonwa kwa mkono, na jina lake, *Wema hauozi*, bado linasomeka isipokuwa herufi ya mwisho. Hiyo haiuzwi.

Ukiwa na ya kwako ya zamani, usiiloweke na nguo nyingine na usiianike kwenye jua kali la saa saba. Ifue kwa mkono, uianike kivulini. Na tafadhali usikate doti iliyo kamili kwa ajili ya kushona mito. Ukiona lazima ukate, piga picha kwanza, mji na jina vyote vionekane, kwa sababu michoro hii haijahifadhiwa vya kutosha popote.

Kiwanda kilitengeneza khanga tu?

Hapana. Kulikuwa na vitenge, mashuka na vitambaa vya kawaida vilivyouzwa kwa jora. Khanga ndizo zinazokumbukwa kwa sababu zina maneno, na nguo yenye maneno haisahauliki upesi.

Magorofa ya Urafiki ni yale yapi?

Ni nyumba za ghorofa zilizo jirani na kiwanda, zilizohusiana na wafanyakazi wake. Kwa familia nyingi hapo ndipo walipoishi ghorofani kwa mara ya kwanza. Kiwanda kilikwenda kwa zamu, mchana na usiku, na maisha ya jirani yalifuata zamu hizo. Mama lishe alijua saa za kuchemsha chai, muuza samaki alijua saa za kutandaza meza, na sisi watoto tulijua saa ya kunyamaza kwa sababu jirani wa zamu ya usiku amelala. Watu wa makabila na mikoa yote walichanganyika hapo, na wengi walizeeka wakiwa majirani.

Wapo watu wanaoishi humo leo. Ukienda kuangalia, nenda kama unavyokwenda nyumbani kwa mtu: piga hodi, salimia wazee shikamoo, usielekeze kamera kwenye madirisha.

Ni kweli kiwanda kilikuwa na bendi?

Ni kweli. Urafiki Jazz ilikuwa bendi ya kiwanda, na mmoja wa vinara wake alikuwa Juma Mrisho, aliyejulikana kama Ngulimba wa Ngulimba. Wakati ule mashirika ya umma yalimiliki bendi kama yanavyomiliki timu za mpira: chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz, polisi walikuwa na yao, na JKT walikuwa na yao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, vyombo vilinunuliwa na mwajiri, na bendi ilikitangaza kiwanda kila ilipopanda jukwaani. Naona utaratibu huo ulifanya mengi kwa muziki wa dansi kuliko tunavyoukumbuka.

Kwa nini uzalishaji ulishuka?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa uchungu zaidi, na mara nyingi mwulizaji anakuja na jibu lake tayari: "wezi", au "Wachina", au "mitumba". Sababu ni nyingi na zilipishana kwa muda.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi iliishiwa fedha za kigeni. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala kilichokuwepo. Kiwanda cha nguo kinahitaji rangi, kemikali na vipuri kutoka nje. Pamba unaweza kuwa nayo tele ghalani, lakini kipuri kimoja kisipopatikana, mashine inasimama, kisha ya jirani inanyofolewa vipuri ili ile ya kwanza itembee. Ongeza kukatika kwa umeme na uhaba wa maji. Idara ya rangi bila maji ni jiko bila moto.

Halafu mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na miaka iliyofuata soko likafunguka zaidi. Nguo za mitumba ziliingia kwa wingi, pamoja na vitambaa vipya vya bei ya chini kutoka Asia. Mnunuzi aliyekuwa amepanga foleni kwa ajili ya doti moja sasa alikuwa na meza nzima ya kuchagua. Siwezi kumlaumu mama aliyenunua mtumba kuwavisha watoto watano. Lakini kiwanda chenye mitambo ya 1968, kilichozoea kupangiwa na shirika la umma nini cha kutengeneza na kwa bei gani, kiliingizwa ulingoni bila mazoezi.

Ubia na Wachina ulianza lini?

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, wakati mashirika mengi ya umma yalipobinafsishwa. Ikaundwa kampuni ya ubia ya Tanzania na China, upande wa China ukiwa na hisa asilimia 51 na Serikali ya Tanzania asilimia 49. Mbia alitoka Changzhou, mji wenye historia ndefu ya nguo. Watu wengi huchanganya vipindi hivi viwili. Cha kwanza kilikuwa mkopo wa serikali kwa serikali na kiwanda kilikuwa mali ya umma. Cha pili kilianza kama biashara ya wabia, yenye faida na hasara zake. Ukisikia mtu anasema "Wachina walitupatia kiwanda" na mwingine anasema "Wachina walinunua kiwanda", kila mmoja anazungumzia kipindi chake.

Urafiki na TAZARA vina uhusiano?

Ni ndugu wa baba mmoja, Urafiki ndiye mkubwa. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, pia kwa mkopo wa China usio na riba. Ukitaka kuviona vyote kwa siku moja, toka Ubungo ufuate Barabara ya Mandela kupitia Tabata na Buguruni. Utaikuta stesheni kubwa ya TAZARA pale inapokutana na Barabara ya Nyerere.

Ubungo kulikuwa na ndugu mwingine, kiwanda cha zana za kilimo tulichokiita UFI. Majembe mengi yaliyolima nchi hii yalitoka huko.

Ni alama zipi za jirani zinazotumika kuelekezana?

Wenyeji wa Dar hawaelekezani kwa namba za nyumba. Jifunze majina haya yatakufikisha popote.

*Mahakama ya Ndizi* ni soko la ndizi la Mabibo. Hakuna hakimu. Ni mikungu iliyopangwa kwa aina zake, mikokoteni, na wachuuzi wanaokadiria uzito wa mkungu kwa kuunyanyua mara moja tu. Nenda alfajiri malori yakiwa yanashusha. Vaa viatu unavyovipenda kidogo, maana chini kuna maganda na matope.

*Manzese Darajani* ni lile daraja la waenda kwa miguu linalovuka Barabara ya Morogoro. Karibu nalo utasikia majina ya Tip Top na Argentina, ambayo ni vituo.

*Mataa* ni makutano ya Ubungo. Mataa yenyewe hayana tena ufalme wake wa zamani: tangu tarehe 24 Februari 2021 pana barabara za juu za ngazi tatu, zilizopewa jina la Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi aliyefariki siku chache kabla ya uzinduzi. Hapo Barabara ya Morogoro inakutana na za Mandela na Sam Nujoma. Kabla ya hapo mtu aliweza kumaliza gazeti zima akiwa kwenye foleni ya Mataa.

*Terminal* ni palipokuwa na stendi ya mabasi ya mikoani. Mabasi yalihamia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, mwaka huohuo wa 2021. Kwenye eneo la stendi ya zamani sasa pana kituo kikubwa cha biashara cha Afrika Mashariki, chenye maduka zaidi ya 2,000, kilichojengwa na mwekezaji wa Kichina na kuzinduliwa 2025. Kutoka lango la Urafiki hadi hapo ni mwendo mfupi. Upande mmoja China ilikuja kutusaidia kufuma, upande wa pili imekuja kuuza. Mimi nikipita kati ya sehemu hizo mbili huwa napunguza mwendo.

*Ubungo Maji* ni kituo kilichopata jina kutokana na ofisi za maji. Jirani kuna mitambo ya umeme ya Ubungo, inayotumia gesi ya Songo Songo iliyoanza kufika kwa bomba mwaka 2004.

Ndani ya Mabibo kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, sekondari ya Loyola na hosteli ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mlimani, chuo chenyewe, ni kwa kufuata Barabara ya Sam Nujoma. Huko kuna maktaba kubwa iliyozinduliwa 2018, nayo ni msaada wa China.

Ninaweza kuingia kiwandani au kupiga picha?

Kiwanda si jumba la makumbusho. Kina lango na walinzi, na anayeingia ni mwenye shughuli au mwenye ruhusa. Mwanafunzi wa historia au usanifu majengo aje na barua ya chuo, aieleze shida yake kwa adabu, na awe tayari kuambiwa arudi siku nyingine. Ukiwa barabarani unaona ukuta na mapaa, basi. Usipande juu ya kitu chochote kuchungulia.

Kinachopatikana bila ruhusa ya mtu ni wazee. Kaa kwenye benchi la kahawa jioni, uliza kwa upole nani alifanya kazi Urafiki, na uwe na muda. Ukiwa na khanga ya zamani mkononi utasikilizwa haraka zaidi, kwa sababu mtu aliyefanya kazi idara ya rangi ataichukua kwanza, ataigeuza upande wa nyuma, ndipo atakujibu salamu.

Nitafikaje kwa mwendokasi?

Ukitokea Kivukoni au Gerezani, panda basi la kwenda Kimara linalosimama kila kituo, sio la haraka, maana la haraka linaweza kukupitiliza hadi Ubungo. Utapita Magomeni na Manzese, kisha utashuka Urafiki. Ukitokea mikoani na umeshushwa Mbezi Luis, tafuta usafiri hadi Kimara, panda mwendokasi wa kuelekea mjini, pita Ubungo na Shekilango. Kinachofuata ni Urafiki. Vuka barabara kwenye kivuko cha kituo hata kama wenzako wanaruka kingo, maana mabasi yale yanakuja kimya na kwa kasi.

Ukisikia harufu ya ndizi mbivu umeshaingia Mabibo. Ukuta wa kiwanda umeuacha nyuma yako.